Kamba Mbili za Kisima cha Baba

Mtendeni, Tabora
17 Novemba 2024

Kwako Dada Yustina,

Shikamoo. Ningekuwa mbele yako ningepiga goti kama Mama alivyotufundisha, na leo nadhani ningebaki pale pale chini nisinyanyuke. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Barua yako ya Pasaka ilisema umepewa zamu ya bustani, nikacheka peke yangu, maana wewe na jembe mlikuwa paka na panya tangu utotoni. Sisi huku tupo. Mvua zimeanza, uyoga umejaa barabarani kwa wauzaji, na Mama amekwisha panda karanga zake. Siwezi kuandika kwamba hatujambo kabisa, lakini hayo utayaona mbele.

Nampa na Mama Mlezi shikamoo yake. Najua barua zenu wanovisi, ninyi mnaojiandaa kwa utawa, hupita mezani kwake kwanza, na simlaumu, kila nyumba ina taratibu zake. Namwomba tu aisome hii mpaka mwisho kabla hajaamua aifanyie nini.

Habari za nyumbani Kwihara ni zile zile. Baba Mdogo Ngollo bado ana maneno mengi kuliko kazi. Ukuta wa banda la mbuzi ameanza kuujenga tangu mwezi wa sita na umefika magotini. Mama anakwenda kisimani mwenyewe kila asubuhi ingawa wasichana wa jirani wanajitolea kumtekea. Anasema mtu akiacha kuteka maji amekwisha kuwa mgonjwa. Ijumaa ya mwisho ya Oktoba tulipata kadi yako. Nadhiri za kwanza, tarehe nane Desemba. Mama ameiweka kwenye kabati, karibu na picha ya Baba, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa kabla hajapewa kiti.

Hiyo kadi ndiyo iliyonikalisha hapa. Naiwaza wiki ya tatu sasa.

Dada, ili unielewe lazima nikueleze kazi yetu, kitu ambacho hukuwahi kuuliza hata mchumba wako Emilian alipokuwa mkubwa wetu ndani ya ofisi ile. Usichoke. Tulikuwa na seva sita kwenye chumba kimoja chenye viyoyozi viwili, na ndani ya seva hizo ziliishi mashine pepe hamsini na tatu, yaani kompyuta zisizo na umbo la kushikika, kila moja na kazi yake. Moja ilikuwa ya chama cha wafuga nyuki, nyingine za shule, nyingine ya maji, na moja ilikuwa ya hospitali ile aliyolazwa Baba. Zote zilitegemea diski zile zile za pamoja, kama vile nyumba zote za kwetu zinavyotegemea kisima kimoja. Na mashine inapowashwa ndipo inapokula diski kwa pupa. Ikishasimama, yaani ikishamaliza kuwaka, inatulia, lakini kusimama kwenyewe ndiko kazi.

Unakumbuka kamba za kisima cha Baba? Baba aliruhusu kamba mbili tu. Wanawake walinung'unika, hasa kiangazi foleni ikifika njiani, na mwaka mmoja walitia kamba tano akiwa hayupo. Kamba zikasokotana, ndoo zikagongana na kuta, udongo ukaporomoka, na siku tatu kijiji kizima kilikunywa tope. Baba aliporudi hakugomba. Alikata kamba tatu kwa kisu akaenda kulala. Lakini foleni yake ilikuwa na huruma ndani yake: mwenye mgonjwa nyumbani akisema tu, wote walimpisha.

Emilian alifanya vile vile kwenye mashine zetu. Katika ukurasa wa usimamizi kuna kisanduku kidogo kinachouliza kazi ngapi ziruhusiwe kwenda kwa pamoja. Yeye alijaza nne. Umeme ukikatika na kurudi, zinawashwa mashine nne, zilizobaki zinasubiri. Moja ikisimama, nyingine inaingia. Sisi vijana wake tulimtania kwamba Mkwere anaendesha kompyuta kwa mwendo wa wapagazi. Alicheka akasema wapagazi wa Kinyamwezi walifika Bagamoyo na pembe mabegani kwa sababu hawakukanyagana visigino.

Sasa niseme unayoyajua, maana ni muhimu yasimame kwa mpangilio. Alhamisi ile ya Agosti Baba alikuwa wodini siku ya pili, vidonda vya tumbo vikimtoa damu. Wewe ulikuwa bado kwenye treni kutoka Dodoma. Asubuhi walimpima kundi la damu na kuilinganisha na chupa za benki ya damu, na majibu yakaingizwa kwenye kompyuta tu, bila nakala ya karatasi. Saa nne hivi umeme ukakatika mji mzima. Betri zetu zilikuwa zimechoka, jenereta likagoma, mashine zote zikaanguka. Umeme uliporudi kidogo zikaanza kuwaka, kisha zikakwama zote kwa mpigo, na hazikusimama mpaka saa kumi jioni. Hospitalini ikabidi waanze kupima upya kwa mkono, wagonjwa wakiwa wengi na mtaalamu wa maabara mmoja. Damu ilimfikia Baba saa nane na robo. Alikuwa amekwisha fariki kitambo kidogo. Daktari alisema hali yake ilikuwa mbaya hata hivyo, kwamba pengine isingesaidia. Hilo neno la pengine nimelitafuna miaka mitatu na ladha yake haiishi.

Unakumbuka na mazishi. Emilian hakuja kama mkwe mtarajiwa, alikuja kama mtani, maana Wakwere na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na msiba usio na mtani ni msiba mkiwa. Aliteremka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Watu walipombembeleza akapaza sauti akisema mzee huyu amemuua yeye mwenyewe, kwa sababu alikataa kumpa binti yake mpaka ajue kula mlenda bila kukunja uso. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Hata Mama alicheka. Wewe ulimtupia kanga yako ajifute udongo. Nilisimama nyuma ya Baba Mdogo Ngollo na sikucheka.

Wiki mbili baadaye Bwana Nasri, meneja wetu, alituita wote akasoma taarifa ya uchunguzi. Mashine zilikwama kwa sababu kuna mtu alikiondoa kikomo. Ile nne ilifutwa ikaandikwa sifuri, na sifuri kwenye kisanduku kile maana yake ni zote ziende, bila foleni. Mashine karibu hamsini zikakurupuka kwa dakika moja na kuzikaba diski. Mabadiliko yalifanyika kwa jina la Emilian, saa tano kasoro dakika tisa. Bwana Nasri alimuuliza kama ana la kusema. Emilian akasema hana. Alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

Habari zikafika Kwihara kabla ya jua kuzama, na hapo ndipo maneno ya kaburini yalipogeuka. Baba Mdogo alikuwa wa kwanza. Alisema mtu alikiri mbele ya padri na watu mia tatu, sisi tukadhani ni utani. Waliokuwa wamecheka wakaona aibu, na aibu ya watu wengi haina huruma. Matangazo ya ndoa yenu yalikuwa yamesomwa Jumapili mbili. Jumapili ya tatu hayakusomwa. Ulinipa pete kwenye kipande cha karatasi ukaniambia nimpelekee, kwa kuwa hukutaka kuuona mkono uliomuua Baba. Nilimpelekea. Aliipokea, akaniuliza kama umekula, akafunga mlango. Januari ukaenda zako kwa masista, na Mama akasema Mungu amekufuta machozi kwa kitambaa chake mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita ofisi ilinituma Mpanda. Treni ilisimama Kaliua zaidi ya saa mbili ikisubiri nyingine ipite, nikashuka kunyoosha miguu. Karibu na stesheni kuna vibanda vya mafundi, na kwenye kimoja nilimwona Emilian amekaa, miwani puani, anafungua redio. Amekonda na nywele za mbele zimeanza kuondoka. Nilitaka kupita. Akaniita kwa jina, akafuta kiti kwa kiganja, akaagiza chai na mihogo kwa mama wa jirani. Aliuliza habari za Mama, za kisima, za banda la Baba Mdogo. Kuhusu wewe hakuuliza. Ilibidi niseme mwenyewe kwamba utaweka nadhiri mwezi ujao. Aliacha bisibisi, akasema ni jambo jema, Mungu amepata mtu mkweli.

Dada, mihogo ile niliiacha sahanini. Sasa nitaandika kwa haraka kabla mkono haujabadili nia.

Si Emilian aliyeandika sifuri. Ni mimi.

Umeme uliporudi Alhamisi ile, Emilian aliziachia mashine nne za kwanza, akapanga foleni, halafu akatoka nje kushughulikia jenereta, kwa kuwa alijua umeme ungeweza kukatika tena. Aliondoka akiniambia nisiguse kitu, zitapanda zenyewe. Alikiacha kiti chake na ukurasa wake wazi, kwa sababu chumbani nilikuwa mimi tu, shemeji yake. Mama akanipigia simu. Alisema Baba ameanza kutapika damu na manesi wanasema mtandao haupo. Nikatazama orodha. Hospitali ilikuwa mstari wa thelathini na moja, imeandikwa inasubiri. Nikapiga hesabu: nne kwa nne, dakika nane kila mara, zamu yake ingefika baada ya karibu saa nzima. Niliona kama nimesimama kisimani na ndoo tupu, baba yangu anakufa kiu, na mbele yangu wamejipanga wauza asali na walimu. Nikakaa kwenye kiti cha Emilian. Nikafuta nne, nikaandika sifuri.

Skrini ilijaa rangi ya kijani, nikashukuru Mungu kwa sauti. Dakika mbili hivi baadaye kila kitu kikaganda. Nilitoka kwenye kile kiti nikarudi kwenye changu. Emilian alipoingia na mikono yenye mafuta aliitazama skrini, akanitazama mimi, akauliza kuna nini. Nilisema sijui. Ndilo neno langu la kwanza la uongo, Dada, na lilikuwa jepesi kuliko unavyofikiri. Mengine sikuhitaji hata kuyasema. Nilinyamaza tu, na wengine wakanifanyia kazi.

Pale Kaliua nilimwambia yote, nikilia mbele ya wateja wake. Alinipa kitambaa cha kufutia redio. Akasema anajua, alijua tangu siku ile, maana saa iliyoandikwa kwenye taarifa yeye alikuwa ameshika mrija wa dizeli na mlinzi alikuwa amemshikia tochi kwenye kibanda cha jenereta. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alisema wiki ya kwanza alikuwa akinisubiri niseme mwenyewe. Baadaye maneno yake ya kaburini yakaanza kuzunguka, akaona mtani aliyekwisha kujitwika kifo mbele ya mjane hawezi kurudi kwa mjane yule yule na kumwambia si mimi, ni mtoto wako wa kumzaa. Alisema Mama alikuwa amezika mume, hakutaka azike na mtoto. Halafu akaomba nisikuambie. Alisema nikuache uende kwa Mungu ukiwa umetulia.

Kama angeishia hapo ningerudi kwenye treni nikiwa na nusu ya mzigo. Lakini nilijitetea, unanijua. Nikasema hospitali ilikuwa ya thelathini na moja, mtu yeyote mwenye baba angefanya vile. Emilian akavua miwani. Alisema, polepole, kwamba orodha ile niliyoitazama imepangwa kwa alfabeti na siyo kwa zamu. Foleni ilikuwa ukurasa wa pili. Alijua Baba yuko wodini. Kabla hajatoka kwenda kwenye jenereta alikuwa ameisogeza hospitali mbele ya zote. Ndiyo ingeingia mara tu moja kati ya zile nne ikisimama. Ningekaa dakika nane nikiwa nimeikunja mikono, ingewaka.

Alikuwa amekwisha kutupisha, Dada. Wala sikuwa nimemwomba.

Niliporudi Tabora nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Nasri nikaandika maelezo na kutia sahihi. Amenisimamisha kazi, na ameahidi kumwandikia Emilian barua ya kumsafisha. Jumapili iliyopita nikaenda Kwihara. Nilimweleza Mama tukiwa wawili, jikoni, akichambua mlenda. Nilitarajia anipige, au aniite mwuaji, au alie. Hakufanya hata kimoja. Alichambua mpaka fungu likaisha, ndipo akasema kwamba asubuhi ile kwenye simu ni yeye aliyeniambia nifanye haraka. Alikumbuka maneno yenyewe: fanya haraka mwanangu, baba yako anatuacha. Akasema basi aliyemuua mumewe Raymundi ni yeye. Nilimwapia sivyo, nikashika miguu yake. Alichukua ndoo akaenda kisimani, na wasichana wanasema alisimama pale hadi foleni yote ikaisha, kila mtu akimpisha na yeye akikataa kuingia. Tangu hapo anazungumza kidogo sana. Kadi yako bado iko kwenye kabati, lakini haonyeshi tena wageni.

Kwa hiyo nilitaka kuutua mzigo wangu, nikamtwika Mama. Emilian aliyaona hayo miaka mitatu kabla yangu.

Sikuandikii uache utawa. Sina mdomo wa kusema hivyo, na pengine Mungu alikuita kwa kweli, akatumia njia mbovu kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Wala Emilian hakunituma. Hakutuma hata salamu, na nikikuambia anakusubiri nitakuwa nimeongeza uongo mwingine. Lakini uliondoka nyumbani ukiamini kwamba mtu uliyempenda alimuua baba yako kwa uzembe. Siwezi kukaa kwenye benchi la kanisa tarehe nane, nimevaa suti, nikakusikia ukimwahidi Mungu maisha yako juu ya neno langu la sijui. Nitamleta Mama hadi mlangoni. Ndani sitaingia mpaka wewe mwenyewe uniite. Usiponiita nitaelewa.

Ukiona vigumu kuniandikia, usiniandikie. Mwandikie Mama. Mistari miwili inatosha, umwambie kwamba mtu anayemwambia mwanawe afanye haraka hajaua mtu. Mimi nikimwambia hanisikii.

Mama Mlezi, hapa nazungumza na wewe. Sijui kanuni za nyumba yako zinasemaje kuhusu barua ya namna hii, zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya nadhiri. Huenda ukaona inamvuruga binti, ukaiweka kwenye droo mpaka mwaka mwingine. Una haki hiyo. Ukiona ni nzito, ichane, yote, na kilio changu na utetezi wangu. Nakuomba tu uipishe sentensi moja, umwambie kwa mdomo wako bustanini, kabla ya tarehe nane: hakuwa Emilian, alikuwa Eliya.

Dada, kina mama wa jumuiya wanakusalimu, na Baba Mdogo Ngollo, ambaye bado sijamweleza, anasema usimsahau kwenye rozari zako. Mama alikuwa ameniagiza nikutumie kichupa cha asali ya mizinga ya Baba, nimekifunga pamoja na barua. Ni ya mavuno ya mwisho aliyoyatoa Baba mwenyewe. Kaa salama, vaa sweta.

Mdogo wako,
Eliya Raymundi